Kupe wa Farasi na Chupa ya Ng'ombe

Mfugaji wa farasi katika Afrika Mashariki anaishi katikati ya ng'ombe. Duka la pembejeo limejaa dawa za ng'ombe, josho lilijengwa kwa ajili ya ng'ombe, jirani anayempa ushauri ana ng'ombe, na hata afisa mifugo wa kata akiulizwa kuhusu kupe, mawazo yake huenda kwanza kwenye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Basi kupe wakionekana sikioni mwa farasi au chini ya mkia wa punda, mkono huenda wenyewe kwenye ile chupa iliyoko rafuni, na dawa iliyobaki kwenye bomba baada ya kuogesha ng'ombe humwagiwa mnyama ambaye haikutengenezwa kwa ajili yake. Farasi hafi siku hiyo. Huanza kuumwa kesho yake au keshokutwa, na mara nyingi mwenyewe hauhusishi ugonjwa huo na bomba.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linaloua upesi kuliko kupe wenyewe. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina kemikali ambayo kwenye chupa utaisoma kama amitraz. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri: ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, na kupe huachia. Kwa farasi, kemikali hiyohiyo huzubaisha mwili na kusimamisha mwendo wa utumbo. Mnyama husinzia, huyumba, huacha kula. Kinyesi hupungua kisha hukatika kabisa, na majani aliyokula hukwama na kukauka katika utumbo mpana. Farasi hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kilichoziba tumboni hakina pa kutokea. Kuizimua dawa hiyo mara mbili hakuigeuzi kuwa ya farasi. Punda na baghala nao wasiguswe nayo. Ukipata chupa isiyo na lebo, au dawa iliyopimwa dukani na kumiminwa kwenye chupa ya soda, usiipake kwa farasi hata kama muuzaji anaapa kwamba ni salama.

Makala hii nawaandikia wenye farasi wa kupanda kuanzia Laikipia na Naivasha hadi Arusha, na kwa moyo uleule nawaandikia wenye punda wa kubeba maji, mchanga na mizigo, ambao ni wengi zaidi na hupata ushauri mchache zaidi. Farasi na punda ni ndugu wa karibu. Kupe wanaowasumbua ni walewale na ugonjwa wanaouleta ni uleule.

Kupe wa kumfahamu kwanza ni yule wa miguu myekundu, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus evertsi. Mweke kiganjani kwenye mwanga, ukiwa umevaa glavu. Mwili ni wa kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi; ngao ya mgongoni imejaa vishimo vidogo; macho mawili yametokeza kama shanga kwenye kingo za ngao; na miguu yote minane ina rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Ukishamwona mara moja hutamchanganya na mwingine. Huyu anawapenda farasi, punda na pundamilia kuliko kupe wengi wengine, ingawa ng'ombe, mbuzi na kondoo nao anawanyonya.

Maisha yake yana mpangilio ambao kila mwenye farasi anapaswa kuujua, maana ndani yake ndimo mna njia ya kumshinda. Jike aliyeshiba hudondoka, hujificha chini ya nyasi au jiwe, hutaga maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Mayai huanguliwa na kutoa kupe wadogo sana wenye miguu sita tu. Hawa hupanda kwenye ncha za majani na kungoja, miguu ya mbele imeinuliwa. Kwenye miguu hiyo ya mbele kuna kiungo kinachohisi pumzi ya mnyama, joto lake na harufu yake. Farasi akipita, humdaka.

Kinachofuata ndicho wengi hawakijui. Yule mdogo hutambaa hadi ndani kabisa ya sikio. Humo hunyonya, hujivua gamba, hutokea akiwa na miguu minane, hunyonya tena, na muda wote huo hajatoka sikioni. Kazi hii humchukua kati ya siku 10 na 15. Akishiba mara ya pili ndipo anapodondoka, hujivua gamba ardhini na kuwa kupe mkubwa, halafu hutafuta mnyama mwingine. Huyu mkubwa harudi sikioni. Anataka ngozi laini iliyo chini ya mkia, pembeni mwa njia ya haja kubwa, kwenye kinena na karibu na kiwele au ala ya uume, na hapo jike hukaa wiki moja au zaidi kidogo akijijaza damu.

Kwa hiyo farasi mmoja hubeba hatua mbili za maisha ya kupe huyu katika sehemu mbili zilizo mbali: wachanga sikioni, wakubwa chini ya mkia. Saisi anayepiga brashi mgongo, mbavu na mapaja kila asubuhi mpaka ngozi ing'ae anaweza kupitisha mwezi mzima bila kumwona hata mmoja. Na zile siku 10 hadi 15 zinakupa kipimo cha kazi yako. Ukiyakagua masikio mara moja kila wiki bila kukosa, kila kupe mchanga aliyeingia atakutana nawe angalau mara moja kabla hajashiba na kudondoka. Chini ya mkia panataka mkono wako mara nyingi zaidi, kila siku wakati wa mvua ikiwezekana, kwa sababu ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Viko vya aina mbili. Kimoja huitwa Babesia caballi. Cha pili kiliitwa Babesia equi kwa muda mrefu, na tangu mwaka 1998 kinaitwa Theileria equi. Hiki cha pili ndicho kikali zaidi, na kupe wa miguu myekundu ni mmoja wa wanaokisambaza katika Afrika. Tazama jinsi mpangilio wa maisha yake unavyomsaidia: anakichukua akiwa mchanga sikioni mwa farasi mmoja, anabaki nacho anapojivua gamba ardhini, kisha anakiingiza kwa farasi wa pili akiwa mkubwa chini ya mkia. Lakini hakiingizi mara tu anapouma. Vijidudu hukomaa kwenye tezi za mate ya kupe baada ya kuanza kunyonya, na kwa kawaida hilo huchukua siku kadhaa. Kupe aliyeondolewa siku ya kwanza au ya pili ana nafasi ndogo sana ya kuambukiza kuliko aliyekaa wiki. Hii ndiyo sababu nasisitiza mkono kabla ya dawa.

Dalili huanza wiki mbili au tatu baada ya kuambukizwa. Joto la kawaida la farasi mzima ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, lakini mgonjwa utamkuta na 40 au zaidi. Ananyong'onyea, hataki kula, anahema haraka hata akiwa amesimama. Inua mdomo wa juu uangalie fizi: mwanzoni huwa zimefifia, baadaye huwa na umanjano, na weupe wa jicho nao hugeuka manjano. Mkojo unaweza kuwa mwekundu au wa kahawia iliyokolea. Miguu huvimba, na wengine huumwa tumbo. Jike mwenye mimba anaweza kuitoa, au akazaa mtoto aliyekwisha kuambukizwa Theileria equi tumboni mwake. Punda hafichui maumivu haraka. Punda mwenye ugonjwa huu mara nyingi huonekana mvivu tu, hachangamkii mzigo, anakonda, na mwenyewe anamchapa akidhani ni ukaidi. Tafadhali, kabla ya kuinua fimbo, angalia fizi zake.

Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo na kila zizi linapaswa kuwa nacho. Ukiona joto limepanda na fizi zimefifia, mwite daktari wa mifugo achukue damu. Dawa inayotumika zaidi ni imidokabu, na hiyo isidungwe na mtu asiye daktari. Huleta mate mengi, jasho na maumivu ya tumbo, na ikizidi huharibu figo na ini. Punda huathirika nayo vibaya zaidi kuliko farasi. Nimesikia watu wakishauriana kumdunga punda kipimo kilekile cha ng'ombe mwenye mkojo mwekundu. Wasithubutu.

Farasi aliyepona Theileria equi kwa kawaida hubaki na vijidudu maisha yake yote, akiwa mzima wa kutazama. Ndiyo maana nchi zisizo na ugonjwa huu, kama Australia, humpima farasi kabla ya kumruhusu kuingia. Na kwa zizi lako jambo hilo lina maana nyingine ya karibu zaidi: sindano. Damu kidogo iliyobaki ndani ya sindano inatosha kuhamisha vijidudu bila kupe yeyote. Mwaka 2008 huko Florida, Marekani, farasi wapatao 20 waligundulika kuwa na ugonjwa huu, na uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo hakikuwa kupe bali sindano na damu vilivyokuwa vikihamishwa kutoka farasi hadi farasi. Sindano moja, farasi mmoja, kisha itupwe. Na chanjo ya ugonjwa huu haipo.

Jambo jingine la kuzingatia ni asili ya mnyama. Mtoto wa farasi au wa punda aliyezaliwa penye kupe hukutana na vijidudu mapema, akiwa bado na kinga ya maziwa ya mama, na wengi hujenga ustahimilivu. Anayeumia sana ni farasi mtu mzima aliyenunuliwa ng'ambo, au aliyelelewa katika zizi la mjini lisilo na nyasi, kisha akapelekwa ghafla kwenye mbuga za pundamilia. Pundamilia hubeba vijidudu hivi bila kuonyesha kuumwa. Ukiwa na farasi mgeni wa namna hiyo, miezi yake ya kwanza mkague kama vile kazi yako yote ni hiyo.

Kupe wengine nitawapitia haraka. Katika maeneo makavu ya Bonde la Ufa na kaskazini mwa Kenya yupo kupe wa pundamilia, ambaye dume lake lina michoro myeupe juu ya mgongo wa kahawia. Hujazana masikioni na tumboni. Kupe wakubwa wenye mapambo ya rangi, wa jamii ya Amblyomma, wana midomo mirefu inayochimba jeraha la kina, na penye jeraha hilo usaha hutunga na nzi hutaga funza. Kupe wa masikio wa kahawia, yule wa ndigana kali, humpanda farasi pia, ila ndigana kali yenyewe haimpati farasi. Kupe wa buluu, mdogo na mwenye miguu iliyofifia, hukua kutoka uchanga hadi ukubwa juu ya mnyama mmoja, na kwa sababu hiyo huwa mwepesi wa kuzoea dawa.

Sasa mkono. Mfunge farasi mahali pa mwanga, umzoeshe kwa sauti, usimvamie. Vaa glavu. Anza na sikio: lishike kwa nje kwa mkono mmoja, upitishe kidole gumba cha mkono mwingine taratibu kwa ndani, kutoka ncha kuelekea shina. Kupe mchanga utamhisi kabla hujamwona, kijiuvimbe kigumu kilichojificha kati ya nywele. Farasi anayetikisa kichwa kila mara, anayekataa kuvishwa hatamu, au ambaye sikio lake moja limelala, mara nyingi ana kundi zima mle ndani. Shuka chini ya singa, kati ya taya, kwapani, nyuma ya viwiko, kinenani, kisha inua mkia na upapase mkunjo wa ngozi wa kila upande. Malizia na sehemu ya juu ya kwato, penye nywele ndefu.

Ukimpata, mshike kwa kibano mahali mdomo wake unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, kisha mvute moja kwa moja bila kumzungusha, kwa nguvu isiyobadilika, mpaka aachie. Paka dawa ya jeraha. Kupe mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti. Usimpasue kwa vidole wala kwa kucha: kuna homa hatari ya kutokwa damu, iliyowahi kuua watu Uganda, ambayo binadamu anaweza kuipata kwa kumpasua kupe kwa mikono mitupu. Usimchome kwa sigara, usimmwagie mafuta ya taa, na usipake oili chafu ya gari kwenye ngozi ya mnyama. Oili hiyo huunguza ngozi na ina sumu. Walio ndani kabisa ya sikio, usiwafuate kwa kibano wala kijiti, maana farasi akitikisa kichwa utatoboa ngoma ya sikio. Hao ni kazi ya daktari, ambaye ataweza kumtuliza mnyama kwanza.

Dawa ina nafasi yake, hasa wakati wa mvua ambapo mikono haiwezi kuwamaliza wote. Kundi linalomfaa farasi ni la piretroidi: pamethrini, saipamethrini, deltamethrini. Zilitengenezwa kwa kuiga nguvu ya asili ya pareto, ua lile linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania. Chagua iliyoandikwa farasi kwenye lebo. Kama haipo dukani, daktari ndiye aamue ipi itumike na kwa kipimo gani. Si lazima kumlowesha mnyama mzima kila mara. Kwa kupe wa miguu myekundu, kitambaa kilicholoweshwa dawa na kukamuliwa, kikapitishwa ndani ya bawa la sikio na chini ya mkia, hufanya kazi kubwa kwa dawa kidogo. Usimimine kitu ndani ya tundu la sikio. Epusha macho na midomo. Paka wa nyumbani waondolewe, kwani pamethrini huwaua. Na maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni, kwani samaki hawastahimili kundi hili lote.

Pima sawasawa. Anayepunguza dawa ili chupa ifike mwisho wa msimu huwalea kupe sugu, na baada ya misimu michache hakuna dawa itakayofanya kazi kwake wala kwa jirani yake. Dawa ya minyoo ya kulisha farasi mdomoni haitamaliza kupe, na sindano ya minyoo ya ng'ombe isidungwe kwa farasi, kwa sababu huweza kuvimbisha na kuozesha misuli pale ilipoingia. Majani ya utupa na mwarobaini yanatumiwa na wafugaji wengi, nami naheshimu ujuzi huo, lakini nguvu ya maji ya utupa hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na kwa farasi singeshauri.

Malisho ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kupe mkubwa mwenye njaa huvumilia miezi mingi bila kula, kwa hiyo kulipumzisha eneo wiki mbili au tatu hakumuui. Kufyeka majani marefu na vichaka karibu na zizi husaidia, kwa kuwa jua huikausha ardhi na mayai ya kupe hayapendi ukavu. Kuku wakiachiwa zizini hudonoa kupe waliodondoka. Ila msaada mkubwa wa farasi unaweza kutoka kwa ng'ombe walewale ambao dawa yao haimfai. Watafiti waliofanya kazi Laikipia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 walikuta kwamba maeneo yenye wanyamapori pamoja na ng'ombe wanaoogeshwa yalikuwa na kupe wachache zaidi kuliko maeneo ya wanyamapori peke yao, kwa sababu kupe humpanda ng'ombe na kufa kwa dawa iliyo mwilini mwake. Ukiwa na ng'ombe, waogeshe ipasavyo na uwapitishe kwanza kwenye malisho ya farasi. Kama ni wa jirani, zungumza naye mgawane gharama. Ila bomba la ng'ombe libaki la ng'ombe, na farasi wa kupigwa dawa awe na bomba lake lenye alama, maana masalio ya amitraz kwenye mpira na tangi si kitu cha kuchezea.

Wenye mazizi makubwa nina ombi moja kwenu. Saisi ndiye anayemgusa farasi kila siku. Mpeni glavu, kibano, kipimajoto na muda wa kutosha wa kukagua, na mfundisheni kusoma lebo ya dawa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Akileta habari kwamba farasi fulani amekuwa mzito asubuhi, msikilizeni siku hiyohiyo. Na wewe mwenye punda mmoja anayekulisha, leo akishafunguliwa mzigo inua mkia wake, papasa masikio yake, angalia fizi zake, na kabla ya kumpaka dawa yoyote hakikisha si ile ya ng'ombe.